Kayaki ya Kwanza na Swali la Kutosha

Kayaki ni chombo kidogo chembamba cha majini. Anayekiendesha huketi akielekea omo, mikononi ana kafi lenye bapa mbili, moja kila ncha. Marekani na Kanada, ambako maziwa na mito mingi iko karibu na makazi, chombo hiki kimempa mtu wa kipato cha kawaida njia ya kuingia majini bila injini, bila mafuta na bila kulipia gati. Anayetafuta kayaki yake ya kwanza, ya kujiburudisha na kuvulia samaki, hukuta madukani zipo za dola 200 na zipo za dola 4,000, na zote zinaelea. Pengo hilo la bei linafufua swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilishughulikia karne nyingi kabla ya plastiki kuwapo: kitu kinatosha lini? Kipimo cha kutosha kinatoka kwenye kitu chenyewe, kwenye mfuko wa mnunuzi, kwenye macho ya majirani, au kwenye kazi inayokusudiwa?

Chombo kilichopimwa kwa mwili

Kayaki ilibuniwa na watu wa kaskazini ya mbali: Wainuiti wa Greenland na Kanada, Wayupiki wa Alaska na Waunangani wa visiwa vya Aleuti. Kwao ilikuwa zana ya kazi, ya kuwindia sili na ndege wa baharini katika maji ambayo baridi yake huua. Sehemu kubwa ya nchi hizo haina miti, kwa hiyo kiunzi kilijengwa kwa magogo yaliyotupwa pwani na mawimbi, au kwa mifupa ya nyangumi, na juu yake ziliwambwa ngozi za sili zilizoshonwa kwa mkono. Mjenzi hakutumia rula. Urefu wa chombo aliukadiria kwa pima za mikono ya atakayekiendesha, na upana wa tundu la kukalia kwa nyonga za mtu huyo pamoja na ngumi zake. Kayaki ya mtu mmoja haikumfaa mwingine mpaka wafanane maungo.

Katika chombo cha namna hiyo hakukuwa na cha kuzidi wala cha kupungua. Ubavu usio na kazi ulikuwa mzigo wa bure wa kubebwa juu ya barafu, na mshono uliovuja ulikuwa kifo. Imani nayo iliweka kipimo chake. Wainuiti wa sehemu nyingi walishika kwamba mnyama hujitoa kwa mwindaji anayemheshimu. Sili aliyeuawa alitiwa maji matamu kidogo mdomoni, kwa kuwa ameishi kwenye chumvi na ana kiu, na nyama yake iligawanywa kwa taratibu zinazojulikana. Tangu mwanzo, basi, swali la ukubwa wa chombo halikutengana na swali la haki ya kumtoa samaki au mnyama majini.

Matumizi ya starehe yalikuja baadaye. Mwaka 1865 mwanasheria Mskoti John MacGregor, Mkristo mwenye bidii ya dini na msaidizi wa watoto maskini wa London, aliundiwa chombo cha mbao alichokiita Rob Roy, akapita nacho kwenye mito na maziwa ya Ulaya. Kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1866, kiliwaonyesha wasomaji kwamba mtu peke yake, na mizigo michache, anaweza kusafiri majini kwa furaha. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja miaka ya 1970, pale plastiki ya poliethilini ilipoanza kutumika. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kalibu huzungushwa ndani ya tanuri hadi unga uyeyuke na kupaka kuta zote, kisha hupozwa. Kinachotoka ni bodi ya kipande kimoja, ngumu, isiyo na mshono, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na chombo cha kuundwa kwa mkono.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake ya kifikra. Kalibu moja hutoa maelfu ya kayaki zinazolingana, kwa ajili ya watu wasiolingana. Kazi ya kupima, iliyokuwa ya fundi, imehamia kwa mnunuzi, ambaye mara nyingi hajawahi kushika kafi. Yeye ndiye anayepaswa kujua mwili wake, maji yake na haja yake, na asipojua, kipimo atawekewa na muuzaji.

Kipimo cha nani?

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, alitofautisha wastani wa hesabu na wastani unaomhusu mtu. Ikiwa kumi ni nyingi na mbili ni chache, hesabu itasema sita ndiyo katikati. Lakini mwalimu wa mazoezi hawezi kumwagizia kila mwanamichezo ratili sita za chakula kwa sababu hiyo: kwa Milo, mwanamiereka mashuhuri, ni kidogo, na kwa anayeanza mazoezi ni kingi mno. Wema hukaa katikati ya kuzidi na kupungua, lakini katikati hiyo hupimwa kwa mhusika, kwa akili ya mtu mwenye busara ya vitendo.

Kayaki inathibitisha hoja hiyo kwa kilo na sentimita. Mvuvi mwenye kilo 95, akibeba vifaa vya kilo 15, ana jumla ya kilo 110. Akikuta kayaki iliyoandikwa kuwa inabeba kilo 125, hesabu itamwambia inatosha. Majini atakuta bodi imezama sana, kila wimbi linaingia, na kafi linavuta chombo kizito kisichotaka kwenda. Kikomo kilichoandikwa ni cha kuelea, na kuelea peke yake si kuendeshwa vizuri. Waendeshaji wazoefu hupendelea mzigo usiozidi theluthi mbili hivi za kikomo hicho, kwa hiyo mvuvi huyo anahitaji kayaki inayobeba kilo 165 au zaidi. Mwenzake wa kilo 55 akinunua hiyo hiyo kwa kuiga, atapata chombo kinachokaa juu juu, kinachosukumwa na upepo, na ambacho hawezi kukipandisha juu ya gari bila msaada.

Urefu na upana vinafuata kanuni ile ile. Kayaki za kuanzia kwa kawaida huwa na urefu wa mita 2.7 hadi 3.7, na upana wa sentimita 70 hadi 85. Fupi hugeuka upesi, ndefu hushika njia na kwenda mbali kwa nguvu kidogo. Pana hutulia mtu anapoketi, na hiyo ndiyo inayomfaa anayerusha ndoana. Nyembamba hutikisika mwanzoni lakini hukata maji kwa wepesi. Kila sifa inanunuliwa kwa kupoteza nyingine, na hakuna kayaki iliyo bora kwa ujumla. Iko iliyo bora kwa bwawa dogo, iko ya mto unaokwenda, iko ya ziwa lenye upepo.

Aina ya kukalia nayo ni suala la mahali. Kayaki ya kukalia ndani humkinga mtu miguu na kiuno kwa baridi na maji ya kafi, lakini ikipinduka hujaa maji, na kuikausha katikati ya ziwa ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Ya kukalia juu ina matundu yanayorudisha maji yalikotoka. Ikipinduka, mtu huigeuza na kupanda tena, ingawa akiwa juu yake hubaki wazi kwa jua, upepo na mchirizi. Kwa anayeanza na anayetaka kuvua kwenye maji tulivu wakati wa joto, hii ya pili humfaa zaidi, maana ina nafasi ya vifaa na husamehe makosa. Kwa anayetembea majira ya baridi, jibu hubadilika.

Daraja tatu za haja

Kama kutosha hupimwa kwa mhusika, kuna hatari kila mtu akaita haja kile anachokitamani. Wanazuoni wa Kiislamu wa misingi ya sheria waliweka utaratibu wa kulizuia hilo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na baada yake al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, waligawa masilahi ya binadamu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika: kulinda dini, uhai, akili, kizazi na mali. Ya pili ni haja, ambazo zikikosekana watu huishi, lakini kwa dhiki. Ya tatu ni mapambo na ukamilifu. Kanuni inayoziunganisha ni kwamba daraja ya chini haipewi kitu kinachoibomoa ya juu.

Utaratibu huo, ulioundwa kwa ajili ya mambo mazito ya sheria, unapanga vizuri hata fungu dogo la fedha. Katika safari ya kayaki, dharura ni uhai: jaketi okozi linalomkaa mtu mwilini na ambalo limevaliwa, bodi isiyovuja, firimbi ya kuitia msaada, na mavazi yanayolingana na baridi ya maji. Sheria za Marekani zinataka kila aliye ndani ya chombo awe na jaketi, na pawe na kitu cha kutoa sauti. Hata hivyo sheria haiwezi kumvisha mtu. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wengi mno kati ya wanaokufa maji katika ajali za vyombo vidogo hawakuwa wamevaa jaketi.

Sababu inaeleweka mtu akifuatilia kinachotokea. Anayeanguka ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15 hushikwa na mtweto asioweza kuuzuia. Hiyo ni dakika ya kwanza, na kinywa kikiwa chini ya maji, pumzi moja inatosha kumaliza maisha. Akivuka hapo, ana kama dakika kumi ambazo vidole bado vinatii. Baada ya hapo mikono haifungi kifundo wala haishiki ubavu wa chombo, ingawa fahamu zinaweza kudumu kwa saa moja katika maji ya baridi kali. Walimu wa usalama wa majini nchini Kanada hulifundisha hili kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Jaketi linalotafutwa baada ya kuanguka limechelewa.

Haja ni kiti chenye mgongo, kwa sababu saa tatu bila egemeo humaliza kiuno. Kafi jepesi la urefu unaofaa, kwa sababu huinuliwa maelfu ya mara kwa siku. Uzito wa bodi ambao mwenyewe anaweza kuubeba kutoka garini hadi majini. Na mahali pa kuwekea fimbo na chakula. Mapambo ni pedali za kuendeshea kwa miguu, kifaa cha sauti cha kutafutia samaki, vishikio vya fimbo nne kwa mtu mwenye fimbo moja, na rangi ya mwaka huu. Hakuna ubaya ndani ya mapambo. Ubaya huanza pale yanapotangulia. Mwenye dola 700 akimaliza zote kwenye bodi yenye vikorombwezo, kisha akaazima jaketi lililokatika mkanda, amegeuza daraja juu chini. Fungu lake lingepangwa kwa kuanza na jaketi, kisha kafi, na bodi ikachukua kinachobaki.

Unafuu na ubahili

Maandiko ya dini yanapozungumzia matumizi ya mali huonya pande mbili. Aya ya 67 ya sura al-Furqan inawasifu wale ambao wanapotumia hawafanyi israfu wala ubahili, bali hukaa katikati. Katika Biblia, sura ya 30 ya Mithali ina sala ya mtu anayeomba asipewe umaskini wala utajiri, na katika Luka, sura ya 14, yupo mjenzi wa mnara anayetakiwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama asije akachekwa. Mawaidha mengi hukazia israfu, lakini mnunuzi wa kayaki ya kwanza yumo pia katika hatari ya upande wa pili.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Iko kayaki ya bei ya chini kwa sababu haina mapambo, na iko ya bei ya chini kwa sababu plastiki yake ni nyembamba, vifuniko vyake havizuii maji, au ni chombo cha kujazwa upepo kilichotengenezwa kwa bwawa la kuogelea na kupelekwa ziwani. Ya kwanza ni unafuu. Ya pili imeahirisha gharama, na atakayeilipa si lazima awe mnunuzi peke yake. Mtu akishindwa kurudi, wengine hutoka usiku kumtafuta, na familia hungoja pwani. Kwa hiyo ubahili unaogusa dharura hauwezi kutetewa kwa kusema fedha ni zangu na hatari ni yangu.

Bei yenyewe haitoshi kutofautisha hizo mbili, na soko la mitumba linalithibitisha hilo. Poliethilini hudumu miaka mingi. Adui wake mkubwa ni jua. Mwenye nusu ya bei ya kayaki mpya anaweza kupata bodi nzuri kama anajua kuikagua. Rangi iliyopauka na plastiki inayokwaruzika unga ni dalili ya uzee wa jua. Mikwaruzo ya chini ni ya kawaida, lakini mstari mwembamba unaozunguka tundu la kutolea maji, au ulio chini ya kiti pale uzito unapokaa, ni ufa. Kitako kilichobonyea kwa kufungwa mikanda kwa nguvu juu ya gari huvuta maji na kupunguza mwendo. Jaribio rahisi kuliko yote ni kumimina ndoo ya maji ndani ya bodi, kuiegemeza upande huu na huu, na kutazama kwa nje kama kuna tone. Dakika tano za ukaguzi huo zinasema zaidi ya bei iliyobandikwa.

Kikomo cha juu

Kikomo cha chini kinawekwa na uhai. Cha juu ni kigumu zaidi kukiona, kwa sababu tamaa haina kengele. Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot, katika insha fupi ya mwaka 1769, alieleza jinsi joho jipya la nyumbani lilivyomfanya aone aibu ya kiti chake cha zamani, kisha meza, kisha picha za ukutani, hadi chumba kizima kikabadilishwa kulifuata joho. Miaka kumi nyuma, mwaka 1759, Adam Smith alikuwa ameandika juu ya watu wanaojifilisi kwa vidude vya manufaa madogo, wakivutiwa zaidi na ustadi wa kifaa kuliko na kazi kinayoifanya.

Kayaki huingia katika mnyororo huo kwa urahisi. Chombo cha mita 3.8 hakiingii ndani ya gari dogo, kwa hiyo hutakiwa vyuma vya kubebea juu ya paa. Kikiwa na pedali huweza kufika kilo 45 au zaidi, kwa hiyo hutakiwa kigari cha magurudumu, pengine hata trela. Kifaa cha sauti kinataka betri, betri inataka kisanduku kisichopenya maji. Kila kimoja kina sababu yake, na mwisho wa sababu hizo mtu amenunua shughuli nzima ya matengenezo, huku saa za majini zikipungua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Alama ya kuvuka kikomo cha juu ni hiyo: kitu kilichonunuliwa kumpa mtu nafasi kinapoanza kumdai nafasi.

Mwanasayansi Mmarekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alitoa mwaka 1956 maelezo ya namna viumbe wenye akili na muda wenye kikomo wanavyoweza kuchagua. Anayetafuta kilicho bora kuliko vyote lazima alinganishe vyote, na kazi hiyo haina mwisho. Anayetafuta kinachotosha huweka masharti kwanza, kisha huchukua cha kwanza kinachoyatimiza. Kwa mnunuzi wa kayaki masharti hayo ni machache na yanaandikika: uzito wake na wa vifaa, maji atakayotembelea zaidi, uwezo wake wa kubeba, na kiasi cha fedha baada ya jaketi na kafi. Kukodi au kuazima mara moja mbili kabla ya kununua hutoa masharti sahihi kuliko maelezo ya duka. Yakishatimizwa, kuendelea kutafuta hakuongezi kitu.

Pingamizi la starehe

Kuna wanaopinga mjadala huu tangu msingi wake. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alitoa hoja kwamba, ikiwa mtu anaweza kuzuia jambo baya sana bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo, anapaswa kulizuia. Kwa hoja hiyo, swali si dola 400 au 3,000. Swali ni kwa nini fedha hizo ziende kwenye starehe wakati watoto wanakufa kwa njaa na maradhi yanayotibika.

Jibu la mapokeo ya dini ni kwamba mapumziko nayo yana haki. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na kwamba mchezo wenye kiasi ni dawa yake. Aliyekosa kabisa mchezo ana kasoro ya tabia. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Hanzala, sahaba aliyejiona mnafiki kwa sababu akiwa nyumbani na watoto moyo wake haubaki katika hali aliyokuwa nayo mbele ya Mtume. Aliambiwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Mwili na moyo unaopumzika asubuhi moja ziwani haujaiba kitu.

Hata hivyo jibu hilo halimfukuzi Singer moja kwa moja. Linatetea mapumziko, na mapumziko hupatikana kwenye kayaki ya mtumba kama yanavyopatikana kwenye ya bei kubwa. Samaki hajui bei ya bodi iliyo juu yake. Hoja ya starehe ikishapewa haki yake, tofauti ya fedha iliyobaki inaendelea kudaiwa maelezo. Hapo unafuu huacha kuwa hali ya mwenye kipato kidogo na kuwa wajibu hata wa mwenye nacho.

Kiasi cha samaki

Kwa mvuvi swali la kutosha haliishii dukani. Aya ya 96 ya sura al-Maidah inahalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, hata kwa aliye katika ihramu, ambaye mawindo ya nchi kavu ameharamishiwa. Ruhusa ni pana, lakini imetajwa kama manufaa kwa watu. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inakataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha, na mafaqihi wengi waliuchukia uwindaji wa mchezo mtupu, usiokusudia kula wala kunufaika. Katika mapokeo ya Kiyahudi na Kikristo, mamlaka ya binadamu juu ya samaki wa bahari, yaliyotajwa katika sura ya kwanza ya Mwanzo, husomwa na wengi leo kama uangalizi wa mali ya mwingine.

Falsafa iliongeza swali la maumivu. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliweka uwezo wa kuumia, na si wa kusema au kufikiri, kuwa ndiyo sababu ya mnyama kuhesabiwa katika maadili. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, huko Uskoti, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu ya kutambua madhara usoni na mdomoni, na kwamba akichomwa dawa ya kuwasha midomoni huacha kula kwa muda na kuisugua midomo kwenye changarawe. Wapo wanasayansi wanaobisha kwamba hilo ni kuumia kwa maana inayomhusu binadamu, lakini ubishi wenyewe unatosha kumfanya mtu wa haki awe na tahadhari.

Hapo ndipo desturi ya kuvua na kuachia inapokuwa na utata. Nchini Marekani desturi hiyo inasifiwa kwa kuhifadhi samaki. Uswisi, tangu mwaka 2008, inakataza kuvua kwa nia ya kuachia, na nchini Ujerumani sheria inataka sababu ya maana kabla ya kumuua au kumtesa mnyama mwenye uti wa mgongo, na kujifurahisha peke yake hakuhesabiwi kuwa sababu. Pande zote mbili zina hoja: moja inahesabu idadi ya samaki waliobaki ziwani, nyingine inamhesabu samaki mmoja aliye kwenye ndoana. Kanuni ya kutosha inazipatanisha kwa sehemu kubwa. Anayevua ili ale, akaacha kuvua alipopata mlo, hana haja ya kuwaachia ishirini. Aliye mdogo au asiyeruhusiwa hurudishwa upesi kwa mikono iliyoloweshwa, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga, na ndoana isiyo na kidomo humtoka bila kumchana. Anayebaki huuawa mara moja, haachwi akigaagaa kitakoni mwa chombo. Leseni na vipimo vilivyowekwa na serikali ni kiwango cha chini cha haki kwa samaki, na mvuvi mwema anaweza kusimama kabla hajavifikia.

Hukumu

Kayaki ya kwanza inatosha ikiwa imetimiza mambo matano: inambeba mwenyewe na vifaa vyake kwa nafasi ya akiba, inalingana na maji atakayotembea, anaweza kuiinua, imeacha fedha za jaketi okozi zuri na kafi zuri, na haimlazimishi kununua kingine ili itumike. Iliyo chini ya hapo ni ubahili hata ikiwa mpya, na iliyo juu ya hapo ni israfu hata ikiwa imenunuliwa kwa fedha taslimu. Kati ya vikomo hivyo viwili kuna nafasi pana, na humo bei nafuu ndiyo bei ya haki. Mnunuzi aandike masharti yake kabla ya kwenda dukani, achukue ya kwanza inayoyatimiza, na avae jaketi kabla ya kusukuma chombo majini.